Namna ya Kupata Skani Sahihi za Meno kwa Ajili ya Kupanga Matibabu ya Othodontia

Mpango wa kunyoosha meno hujengwa juu ya nakala ya kinywa, na nakala ikipotoka, kila hesabu inayofuata hupotoka pamoja nayo. Alaina moja, yaani trei ya plastiki angavu ambayo mgonjwa huivaa kwa siku kadhaa kabla ya kuhamia nyingine, kwa kawaida hupangiwa kulisogeza jino kwa takriban milimita 0.25. Skani yenye kosa la milimita 0.2 katika jino hilo imekwisha kumeza karibu mwendo wote uliokusudiwa katika trei hiyo, kabla mgonjwa hajaivaa hata kwa saa moja.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari wa meno, matabibu, wasaidizi wa kliniki na mafundi wa maabara wanaotumia skana ya ndani ya kinywa badala ya aljineti au silikoni, yaani vitu laini vinavyogandishwa kinywani ili kuchukua nakala ya meno. Jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo ni kwamba skani inayopendeza machoni si lazima iwe skani sahihi. Programu za skana zimeundwa kuziba matundu, kulainisha kingo na kufuta ulimi na mashavu, na picha inayotokea kwenye kioo cha kompyuta huwa safi hata pale ambapo nusu ya uso wa jino haikuonwa na kamera. Kwa sababu hiyo hatua nyingi zilizomo humu zinahusu yanayofanyika kabla skana haijaingia kinywani na baada ya kutoka, kwa kuwa huko ndiko makosa mengi huzaliwa na huko ndiko yanakoweza kunaswa.

Usahihi unaotafutwa

Kiwango cha kimataifa cha ISO 5725 kinaugawa usahihi wa kipimo katika pande mbili: ukaribu wa kipimo na thamani halisi, na ukaribu wa vipimo vinavyorudiwa, kimoja kwa kingine. Skana moja inaweza kutoa kipimo kile kile mara tano mfululizo huku vyote vikiwa vimezidi kwa kiasi kile kile. Nyingine inaweza kupatia kwa wastani, lakini kila skani ikawa na jibu lake. Daktari anayetaka kulinganisha skani ya leo na ya miezi sita ijayo anahitaji pande zote mbili, kwa sababu bila hizo hatajua kama jino limesogea au ni skani ndiyo iliyosogea.

Ni muhimu pia kuelewa kosa linavyokua. Skana haipigi picha moja ya taya lote. Hupiga picha ndogo nyingi mno, kisha programu huziunga kwa kutafuta maeneo yanayofanana kati ya picha na picha. Kazi hiyo inafanana na kushona ukili kuwa mkeka: mshono ukienda upande kidogo tu mwanzoni, mtu haoni kitu, lakini akifika mwisho hukuta pembe za mkeka hazikutani. Ndiyo maana skani ya meno mawili au matatu yaliyo jirani huwa na kosa la makumi machache ya maikromita (maikromita 1,000 ni milimita moja), ilhali skani ya taya zima, ikipimwa kutoka gego la mwisho la kulia hadi la kushoto, inaweza kuvuka maikromita 100. Upana kati ya magego ndicho kipimo kinachoumia zaidi, na kwa bahati mbaya ndicho kinachotumika kupanga utanuzi wa taya.

Hatua ya kwanza: Mwandae mgonjwa kabla ya siku ya skani

Ugaga uliokaa kwenye shingo ya meno ya mbele ya chini hurekodiwa na skana kana kwamba ni sehemu ya jino. Trei itatengenezwa kulifuata umbo hilo, na siku mgonjwa atakaposafishwa meno, trei hiyo haitashika tena. Kwa hiyo kusafisha hutangulia, lakini kusiwe asubuhi ile ile ya skani, kwa sababu ufizi uliotoka kukwanguliwa huvuja damu na huvimba, na ufizi uliovimba huficha sehemu ya jino. Nafasi ya wiki moja au mbili kati ya usafishaji na skani ni ya busara kwa wagonjwa wengi.

Matibabu mengine yanayobadilisha umbo la jino nayo yamalizike kwanza. Jino lenye tundu lizibwe, taji la muda libadilishwe liwe la kudumu, na kona iliyovunjika ijengwe. Baada ya skani, pasifanyike kitu chochote chenye kubadilisha umbo la meno hadi kifaa kitakapofika, na mgonjwa aelezwe hivyo kwa maneno ya wazi, maana wapo wanaokwenda kuziba jino kwingine katikati ya kusubiri, kisha wakashangaa kwa nini trei haiingii. Ikiwa mgonjwa alikuwa na mipira ya kutenganisha magego, meno hayo yatakuwa yameachana kidogo. Skani ya kupanga matibabu ifanywe kabla ya mipira hiyo kuwekwa.

Katika maeneo ya Bonde la Ufa na kaskazini mwa Tanzania, ambako madini ya floraidi katika maji ni mengi, madaktari hukutana na meno yenye vijishimo kwenye enameli. Vijishimo hivyo ni umbo halisi la jino na vinapaswa kubaki kwenye skani. Mwandikie fundi kwamba vipo, ili asivione kama kasoro za wavu wa kidijitali, yaani uso wa pembetatu ambao programu huuchora, na kuvisawazisha.

Hatua ya pili: Tayarisha chumba na mashine

Taa ya kiti cha meno izimwe au igeuzwe upande mwingine wakati wa skani, na pazia lishushwe ikiwa jua linaingia moja kwa moja. Skana hutegemea mwanga wake yenyewe kupima umbali, na mwanga mkali kutoka nje huichanganya. Mwanga wa kawaida wa chumba unatosha.

Joto linahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani, hasa katika miji ya pwani. Mashine iliyolala kwenye chumba chenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, kisha ikawashwa pamoja na kiyoyozi na kutumika papo hapo, hufanya kazi huku sehemu zake za ndani zikiendelea kubadilika joto. Washa kiyoyozi kwanza, acha chumba kitulie, washa skana na uisubiri ipate moto wake wa kazi, kisha ndipo ufanye urekebishaji wa vipimo kwa kifaa kilichokuja na mashine. Fuata ratiba ya mtengenezaji ya urekebishaji huo, na uurudie pia kila mashine inapohamishwa kutoka tawi moja hadi jingine, inapogongwa, au inapokaa muda mrefu bila kutumika. Kliniki zinazofanya kambi za huduma vijijini na kubeba skana kwenye gari zisiache kuurudia kila zinapofika kituo kipya.

Kioo cha ncha ya skana kikaguliwe chini ya mwanga kabla ya kila mgonjwa. Ncha zinazopikwa kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, zina idadi ya mizunguko iliyowekwa na mtengenezaji, na kioo huanza kufifia au kupata madoa kadiri mizunguko inavyoongezeka. Weka daftari dogo la kuhesabu mizunguko ya kila ncha, na ncha iliyofikia kikomo itupwe hata kama inaonekana nzima. Alama ya kidole au tone la dawa kavu juu ya kioo linatosha kuharibu eneo zima.

Umeme nao ni sehemu ya maandalizi. Kompyuta ya mezani au skana inayotegemea umeme wa ukutani iunganishwe kwenye UPS, yaani betri ya dharura, kwa kuwa skani iliyokatika katikati na kuendelezwa baadaye huwa na mshono pale ilipokatikia. Kompyuta mpakato nayo isitumike ikiwa katika hali ya kubana matumizi ya betri, kwa sababu kadi ya michoro hupunguzwa kasi, picha hudondoka, na mpigaji huanza kurudia rudia maeneo yale yale.

Hatua ya tatu: Kausha, kisha endelea kukausha

Maji huupinda mwanga. Utando mwembamba wa mate juu ya gego huifanya skana ione uso wa mate badala ya uso wa jino, na dimbwi dogo lililokaa kwenye mfereji wa gego hulifanya gego lionekane tambarare kuliko lilivyo. Weka kivuta mashavu, weka pamba za mviringo kwenye vifuko vya mate karibu na magego ya juu na chini ya ulimi, acha kifyonza mate kikae mahali pake, na msaidizi ashike sirinji ya hewa akitangulia mbele ya skana kwa jino moja au mawili. Kukausha mara moja mwanzoni hakutoshi. Sehemu ya ndani ya meno ya mbele ya chini hulowa tena kwa sekunde chache, na ndiyo sehemu ambako skani za wanaoanza hukatika mara nyingi zaidi.

Hewa iwe ya upole karibu na ufizi, na isielekezwe kwenye jino lenye uchungu, maana mgonjwa akishtuka atasogea na picha zitaachana.

Hatua ya nne: Fuata njia moja kwa kila taya

Kila mtengenezaji ana njia yake anayoipendekeza, na njia hiyo ndiyo ya kwanza kufuatwa, kwa sababu programu ya kuunga picha ilijaribiwa kwa njia hiyo. Pale ambapo hakuna maelekezo, mpangilio huu hufanya kazi vizuri: anzia kwenye uso wa kutafunia wa gego la mwisho upande mmoja, pita juu ya nyuso za kutafunia hadi gego la mwisho la upande wa pili, rudi kwa upande wa ndani, kisha malizia kwa upande wa nje. Magego huanza kwa sababu yana vilima na mabonde ambayo programu hushikilia kwa urahisi, ilhali meno ya mbele ni membamba na laini, na skana inayoanzia huko hupotea upesi.

Kuvuka kwenye meno ya mbele ndiko kunakohitaji mkono uliotulia. Hapo ncha izungushwe taratibu kutoka nje kwenda ndani na kurudi, ili kila picha ione ukingo wa jino pamoja na sehemu ya uso wake wa mbele na wa nyuma. Mtu akipita juu ya kingo peke yake, programu huwa haina kitu cha kushikilia ila mstari mwembamba, na upinde wa taya hufunguka au kujibana bila yeyote kuona. Ninaamini kwamba mazoezi ya sehemu hii pekee, kwenye modeli ya plasta, yana faida kuliko mazoezi mengine yote yakijumlishwa.

Mwendo uwe wa kasi moja, ncha ikae karibu na jino kwa umbali wa milimita chache uliotajwa na mtengenezaji, na pasiwe na kurudi nyuma bila sababu. Picha nyingi zilizorundikwa juu ya eneo lililokwisha kunaswa huongeza kelele, yaani makosa madogo madogo ya kipimo, badala ya usahihi. Ncha ndogo za watoto zina msaada wake kinywani, lakini kwa kuwa kila picha yake huona eneo dogo, mishono huwa mingi. Itumike pale ambapo ncha ya kawaida kweli haiingii.

Kwa taya la chini kuna jambo moja zaidi. Mfupa wa taya hilo hujikunja kidogo na kusogeza magego ndani pale mdomo unapofunguliwa hadi mwisho. Mgonjwa asiambiwe apanue kadiri awezavyo. Aambiwe afungue kiasi cha kutosha ncha kupita, na alegeze ulimi.

Hatua ya tano: Maeneo magumu

Meno yaliyosongamana huacha mianya ambayo mwanga hauifikii. Ncha iinamishwe kulia na kushoto ya kila mwanya kwa takriban nyuzi 45, na baada ya hapo eneo litakalobaki bila kuonwa liachwe likiwa tundu. Tundu linaloonekana humwambia fundi kwamba hapo hapana taarifa. Uso uliobuniwa na programu humwambia uongo kuhusu upana wa jino. Uzito wa jambo hili unaonekana katika uchambuzi wa Bolton wa mwaka 1958, unaolinganisha jumla ya upana wa meno 12 ya chini na 12 ya juu kwa uwiano wa asilimia 91.3, na meno sita ya mbele kwa asilimia 77.2. Ikiwa kila jino limeongezewa milimita 0.1 na uso wa kubuniwa, jumla ya taya moja imeongezeka milimita 1.2, kiasi kinachoweza kumfanya daktari akwangue enameli ambayo haikuhitaji kukwanguliwa.

Nyuma ya gego la mwisho, mwambie mgonjwa afunge mdomo nusu na asogeze taya upande unaoskaniwa, ili shavu lilegee na ncha ipate nafasi. Gego ambalo halijachomoza lote linaskaniwa jinsi lilivyo, pamoja na kipande cha ufizi kilicholifunika, na umri wa mgonjwa uandikwe kwa sababu jino hilo litaendelea kuchomoza wakati trei zikitengenezwa.

Amalgamu iliyong'arishwa (ujazo wa metali wa jino), mataji ya metali na breketi (vipande vinavyogundishwa kwenye meno ili kushika waya wa kuyanyoosha) hurudisha mwanga kama kioo. Badilisha pembe ya ncha hadi mng'ao uondoke, na ikibidi tumia poda nyembamba inayokubaliwa na mtengenezaji, ikitandazwa kwa usawa, kwa kuwa poda nene huongeza unene wa jino. Kama mgonjwa ana breketi na skani ni ya kutengeneza kishikizi cha baada ya matibabu, breketi ziondolewe na gundi yote ing'arishwe kabla ya kuskani. Kufuta breketi kwa kompyuta ni kukisia uso wa jino uliokuwa chini yake.

Ufizi unaskaniwa kwa milimita 3 hadi 5 kutoka shingo ya meno, ili ukingo wa trei uchorwe kwa uhakika. Kaakaa linahitajika lote pale kitanuzi, yaani kifaa cha kutanua taya la juu, au skrubu ndogo za mfupa zinapopangwa, na ninashauri liskaniwe hata pale lisipoombwa. Mikunjo ya kaakaa, hasa ncha za ndani za mkunjo wa tatu, huchukuliwa kuwa thabiti kiasi cha kutumika kulinganisha skani za nyakati mbili tofauti, na daktari ambaye hakuiskani mwanzoni hana pa kuegemea baadaye. Kaakaa liskaniwe mwishoni, baada ya meno kukamilika, kwa mwendo wa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Hatua ya sita: Mkao wa kuuma

Hapa ndipo mipango mingi mizuri huharibikia. Taya la juu na la chini zinaweza kuwa sahihi kila moja peke yake, lakini zikiunganishwa vibaya, daktari atapanga kurekebisha mkao ambao mgonjwa hana. Na kosa la mkao halionekani kirahisi, kwa sababu kila jino kwenye kioo linaonekana kamili.

Mgonjwa akalishwe wima, si kulala. Kivuta mashavu kikubwa kiondolewe, kwa sababu kinamfanya asogeze taya bila kujijua. Mwambie, "Meza mate, kisha uma kwa meno ya nyuma kama unavyouma ukiwa unakula." Mwache arudie mara tatu au nne kabla skana haijaingia, na uangalie kwa macho kama anarudi mahali pale pale. Watoto huelekea kutoa taya mbele wanapoambiwa waume, kwa hiyo maelekezo ya meno ya nyuma yasisitizwe, na mzazi aliyeko chumbani aombwe asimwongeze maelekezo mengine. Mgonjwa aume kwa nguvu ya kawaida. Akibana kwa nguvu zote, meno yaliyolegea huzama na kuegemea pembeni, na mgusano utakaorekodiwa hautakuwa wake wa kila siku.

Skani ya mkao ichukuliwe pande zote mbili, kulia na kushoto, kila moja ikiwa ndefu kutoka chonge hadi magego. Skani ya upande mmoja huacha upande wa pili ukielea. Ncha isisukume shavu kwa nguvu kiasi cha kuvuta taya.

Kisha linganisha. Pima kwa rula kinywani ni kiasi gani meno ya mbele ya juu yametangulia yale ya chini, na ni kiasi gani yameyafunika. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana na vya kwenye skani kwa zaidi ya nusu milimita, mkao urudiwe. Angalia uhusiano wa machonge na magego ya kwanza kinywani, kisha kwenye kioo. Baada ya hapo weka karatasi nyembamba ya kupimia mgusano kati ya meno na uangalie alama zinapotokea, na uzilinganishe na ramani ya rangi ya programu, inayoonyesha meno yanapogusana. Skani inayoonyesha meno ya upande mmoja yakipenyana na ya upande mwingine yakiwa wazi, wakati karatasi inashikwa pande zote, imeinama. Usiirekebishe kwa kusogeza taya kwa kipanya. Futa skani ya mkao na uichukue upya, ambalo ni jambo la dakika moja.

Kwa mgonjwa ambaye taya lake huteleza upande pale meno yanapokutana, kama ilivyo kwa watoto wengi wenye meno ya nyuma yaliyopishana upande mmoja, daktari lazima aamue mwenyewe ni mkao upi unarekodiwa: ule wa kuuma kwa mazoea, au ule wa kabla ya kuteleza. Inafaa kuchukua yote miwili, na kila mmoja uandikwe jina lake waziwazi. Fundi aliye mbali hawezi kukisia.

Hatua ya saba: Kagua mgonjwa akiwa bado kitini

Zima rangi kwenye programu na uangalie skani ikiwa ya kijivu. Rangi hudanganya macho, kwani hufunika mawimbi, ngazi na nyuso mbili zilizopandiana, ambazo kwenye kijivu huonekana mara moja. Zungusha modeli polepole na utazame kingo za meno ya mbele: ukingo ulioonekana mara mbili, kama kivuli, ni dalili kwamba picha ziliungwa vibaya hapo, na kwamba upana wote wa taya hauaminiki. Zima pia uzibaji wa matundu, ili uone yaliyopo.

Tundu dogo lijazwe kwa kuongeza picha chache, ukianzia kwenye jino lililokwisha kunaswa vizuri. Ikiwa maeneo ya kukata na kurudia ni mengi, futa taya lote na uanze tena. Kila kipande kilichokatwa na kubandikwa upya huleta mshono mpya, na skani yenye viraka vingi huwa na usahihi mdogo kuliko iliyochukuliwa kwa mkupuo mmoja, hata kama mwishoni zote mbili hazina tundu.

Hatua ya nane: Faili

Faili la STL, muundo ulioanzishwa na kampuni ya 3D Systems mwaka 1987, hubeba pembetatu tu. Halina rangi wala kizio cha urefu. Programu inayolipokea hukisia kwamba namba ni milimita. Baada ya kulituma, omba fundi apime upana wa kato moja la juu na ulinganishe na wako. PLY na OBJ, miundo mingine ya faili, zinaweza kubeba rangi, ambayo humsaidia anayechora mpaka wa jino na ufizi. Usipunguze idadi ya pembetatu ili faili lipite kwenye mtandao dhaifu. Libane kwa zipu, au litume usiku. Hifadhi faili la awali bila kuguswa, lenye namba ya mgonjwa badala ya jina lake, na tarehe. Kwa kliniki zinazotuma skani nje ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 zinahusika moja kwa moja.

Ikiwa skani itaunganishwa na picha ya CBCT, yaani eksirei ya pande tatu, ili kuona mizizi, kumbuka kwamba vipengele vya picha hiyo kwa kawaida vina ukubwa wa milimita 0.2 hadi 0.4. Taji la jino lichukuliwe kutoka kwenye skani na mzizi kutoka CBCT, na muungano ukaguliwe kwenye meno yasiyo na metali.

Hatua ya tisa: Pima mashine yako mwenyewe

Namba zilizo kwenye kijitabu cha mauzo zilipatikana kwa mikono ya watu wengine. Kliniki inaweza kupata zake kwa gharama ndogo. Chukua modeli ya plasta ya taya zima, toboa kishimo kidogo cha wazi kwenye gego la mwisho la kila upande, na upime umbali kati ya vishimo hivyo kwa kalipa ya kidijitali mara kadhaa, upate wastani. Kisha iskani modeli hiyo mara tano, kila mara ukianza upya, na upime umbali huo huo kwenye programu.

Tuchukulie kalipa imetoa milimita 52.40, na skani tano zimetoa 52.46, 52.51, 52.44, 52.49 na 52.45. Wastani wa skani ni 52.47, kwa hiyo skana inaongeza milimita 0.07, na tofauti kati ya skani kubwa na ndogo pia ni milimita 0.07. Hayo ni matokeo mazuri. Kwa maoni yangu, kliniki inayopata tofauti ya zaidi ya milimita 0.2 upande wowote isimame na kutafuta chanzo kabla ya kuendelea kupokea wagonjwa wa alaina: urekebishaji wa vipimo, ncha iliyochoka, au njia ya kuskani. Kumbuka kwamba modeli haina mate, ulimi wala pumzi. Kinywani hali huwa ngumu zaidi. Jaribio hili lirudiwe kila baada ya miezi mitatu, na kila mtumishi mpya alifanye kabla ya kupewa mgonjwa, kwa kuwa mikono hutofautiana kama mashine zinavyotofautiana.

Hatua ya kumi: Tumia trei ya kwanza kama kipimo

Omba maabara itengeneze trei moja isiyo na mwendo wowote, inayofuata meno kama yalivyoskaniwa, na iambatane na modeli iliyochapwa kwa printa ya 3D. Modeli yenyewe ichapwe ikiwa na daraja linalounganisha pande mbili za nyuma, kwa sababu modeli yenye umbo la kwato isiyo na daraja hujikunja inapokaushwa kwa mwanga.

Weka trei kwenye modeli kwanza. Ikigoma kukaa hapo, kosa limo kwenye uvutaji wa plastiki juu ya modeli, na skani haihusiki. Ikikaa vizuri kwenye modeli lakini ikaning'inia kinywani, chukua skani mpya siku hiyo hiyo na uilaze juu ya ile ya kwanza katika programu, ukitumia mikunjo ya kaakaa. Meno mawili au matatu yakiwa yamehama na mengine yakabaki mahali pake, meno yamesogea wakati wa kusubiri, au yamefanyiwa kazi kwingine. Upinde wote ukiwa umefunguka au kujibana kwa pamoja kuelekea magego ya mwisho, moja ya skani hizo mbili imepotoka. Chukua ya tatu uone inafanana na ipi. Ikifanana na ya pili, mpango wa matibabu uchorwe upya kwa skani mpya kabla mgonjwa hajapewa trei yoyote yenye mwendo. Ikifanana na ya kwanza, skani ya awali ilikuwa salama, na linalobaki ni kupima upana wa modeli iliyochapwa dhidi ya faili lake.